Naftali Temu

Naftali Temu (20 Aprili 1945 – 10 Machi 2003) alikuwa mwanariadha wa mbio ndefu kutoka Kenya. Ndiye Mkenya wa kwanza kushinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki.

Mwanzo wa riadha

Temu alikuwa Mkisii na alikulia katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Katika Olimpiki ya Tokyo 1964 alikimbia marathoni akawa wa 49. Mwaka 1966, mjini Kingston, Jamaika, alishinda mbio za maili 6 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, akimwacha nyuma Ron Clarke wa Australia, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000.

Fainali ya Mexico City

Mji wa Mexico City uko takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na vilele vya juu vya milima ya Usambara. Hapo kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa karibu robo. Kila mkimbiaji ana kasi ambayo akiizidi, misuli huchoka haraka kuliko mwili unavyoweza kuirudisha katika hali yake. Mahali pa juu kikomo hicho hufikiwa mapema, hata kwa mwendo ambao pwani ungekuwa wa kawaida.

Tarehe 13 Oktoba 1968 mbio zilianza polepole. Kipchoge Keino, akiwa mgonjwa, alitoka uwanjani zikibaki duru chache. Katika duru ya mwisho Mamo Wolde wa Ethiopia alitangulia, lakini Temu alikuwa amebakiza nguvu, akampita karibu na utepe. Alitumia dakika 29:27.4, yaani dakika 1 na sekunde 48 zaidi ya rekodi ya Clarke. Clarke mwenyewe alimaliza wa sita, akaanguka na kupewa oksijeni.

Siku nne baadaye Temu alipata shaba katika mita 5,000. Katika marathoni alikuwa wa 19.

Baadaye

Temu alishiriki pia Olimpiki ya Munich 1972 bila kufika fainali. Alifariki Nairobi kwa saratani ya tezi dume. Hadi Olimpiki ya Paris 2024, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 10,000.