Sydney Chapman, mwanahisabati aliyeeleza jinsi ozoni inavyozaliwa na kufa

Wakazi wa Nchelenge, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, huishi chini ya jua kali la tropiki. Kinachowakinga dhidi ya sehemu kubwa ya mionzi hatari ya urujuanimno ni ozoni iliyoko juu sana angani. Nadharia ya kwanza ya kemia iliyoeleza chanzo cha kinga hiyo ilitolewa mwaka 1930 na Sydney Chapman, mwanahisabati wa Uingereza.

Chapman alizaliwa mwaka 1888 huko Eccles, karibu na Manchester. Akiwa na umri wa miaka 16 alipata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Manchester, jina lake likiwa la mwisho miongoni mwa waliochaguliwa. Alianza na uhandisi, kisha akageukia hisabati.

Kwa mujibu wa nadharia yake, mionzi ya jua huipasua molekuli ya oksijeni kuwa atomu mbili. Atomu hiyo hujiunga na molekuli nyingine na kuwa ozoni. Jua huivunja ozoni, na atomu hutoka tena. Mzunguko huo hujirudia kwa kasi kubwa, ndiyo maana wanakemia wa angahewa huihesabu ozoni pamoja na atomu hizo kama ukoo mmoja.

Mfano wake unaonekana Nchelenge kwenyewe. Boti zinapovusha watu kati ya Kashikishi na kisiwa cha Kilwa, idadi ya walio kila upande hubadilika, lakini jumla ya watu wa wilaya hubaki ile ile. Vivyo hivyo, ukoo huo hupungua pale tu atomu inapokutana na ozoni na zote mbili kurudi kuwa oksijeni ya kawaida.

Hata hivyo, hesabu za Chapman zilitoa ozoni nyingi kuliko iliyopimwa. Koo nyingine zilikuwa zikiiharibu. Mwaka 1970, Paul Crutzen wa Uholanzi alionyesha mchango wa oksidi za naitrojeni. Mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walitahadharisha kuhusu klorini itokanayo na gesi za majokofu. Onyo hilo lilisaidia kuzaa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, iliyoridhiwa na mataifa yote, Zambia ikiwemo.

Chapman hakuiona itifaki hiyo. Alifariki dunia Juni 1970 mjini Boulder, Marekani, akiwa na umri wa miaka 82. Pengo lililobaki katika hesabu zake ndilo lililowafanya wengine wamtafute mharibifu.