Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba ambaye sauti yake bado ni kipimo cha taarab

Mwimbaji yeyote wa taarab anayethubutu kuimba Muhogo wa Jang'ombe anajua kwamba hasikilizwi peke yake. Katika masikio ya hadhira kuna sauti nyingine, iliyonaswa katika santuri karibu karne moja iliyopita, na kila pambo la koo, kila pumziko na kila mkazo wa neno hulinganishwa nayo. Mwenye sauti hiyo ni Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki dunia tarehe 8 Julai 1950.

Tangu afariki, nyimbo zake zimefufuliwa mara nyingi: kwa ngoma na kwa fidla, kwa okestra kubwa na kwa vyombo vya umeme, na katika siku hizi na kitukuu chake mwenyewe. Kila zinapofufuliwa, mjadala ule ule huamka. Je, wimbo ulioimbwa upya ni ule ule wa Siti, au ni wimbo mwingine uliovaa jina lake? Jibu lataka tumjue kwanza mwanamke huyu alikuwa nani, na nyimbo zake alimwimbia nani.

Mtumwa binti Saad

Alizaliwa Fumba, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Zanzibar, mnamo mwaka 1880 au karibu na hapo. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa asili ya Kizigua, yaani watu ambao koo zao zilitoka bara. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulikuwa bado halali visiwani. Amri ya kuufuta haikutolewa hadi mwaka 1897, na hata baada ya hapo cheo cha mtu kiliendelea kupimwa kwa ukoo wake.

Hakusoma shule. Kazi aliyorithi kwa mama yake ilikuwa ufinyanzi, na vyungu walivyovitengeneza alivichukua kichwani kwenda kuvitembeza. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiimba njiani ili kuwaita wanunuzi, na kwamba watu walikuja kumtambua kwa sauti kabla ya kumwona. Huo ndio uliokuwa ukumbi wake wa kwanza: vichochoro, vibaraza na milango ya watu.

Mwaka 1911 aliuacha ufinyanzi na kuhamia mjini. Alikwenda kuishi Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha nyumba za mawe za matajiri na nyumba za udongo na makuti za wafanyakazi, mafundi na waliokuwa watumwa. Mwaka huo huo Sultan Khalifa bin Harub alikalia kiti cha enzi, chini ya ulinzi wa Waingereza ulioanza mwaka 1890.

Muziki wa kasri unatoka barazani

Taarab aliyoikuta Siti mjini ilikuwa na wenyewe. Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuileta visiwani, na Mzanzibari Mohamed Ibrahim alipelekwa Misri kujifunza kupiga ala ili arudi kuwafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwan Safaa, ambacho kipo hadi leo. Wanachama wake walikuwa wanaume, na lugha ya nyimbo zao ilikuwa Kiarabu. Wasikilizaji wengi wa Ng'ambo hawakuielewa, na hawakuwa wamealikwa.

Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Ikhwan Safaa, aliisikia sauti ya mwanamke huyu kutoka shamba akakubali kumfundisha muziki na uimbaji wa Kiarabu. Baadaye akajulishwa kwa wanamuziki wengine, na kikundi kikaundwa: Subeti Ambari akipiga udi, Mbaruku Talsam akipiga fidla, pamoja na waimbaji Maalim Shaaban na Buda. Alialikwa katika majumba ya wakubwa, na jina la Mtumwa likaachwa. Akaitwa Siti, jina la heshima linalomaanisha bibi mwenye hadhi.

Alijifunza Kiarabu cha nyimbo na aliimba hata kwa Kihindi, lakini jambo analokumbukwa zaidi ni kuuimba muziki wa kasri kwa Kiswahili. Nyumba yake ya Ng'ambo ikawa mahali pa kukutania usiku. Huko aliimba habari za mtaa: mapenzi na usaliti, wenye cheo waliokula mali ya watu, wanawake walioonewa, mahakama zisizosikia. Mashairi yalitungwa, yakasikilizwa, yakarekebishwa na kuongezwa papo hapo kwa mujibu wa waliokuwapo na yaliyotokea siku hiyo.

Sifa zake zilileta husuda. Mashairi ya kumkejeli yalisambaa mjini, yakiwakumbusha watu kwamba alikuja na kaniki na kwamba bila sauti yake asingekuwa na cha kula. Siti alijibu kwa shairi pia, akiwaambia wenye kumcheka kwamba uzuri wa sura na ukoo si kitu mbele ya akili na elimu. Wapenzi wa taarab bado huyasoma majibizano hayo kama mfano wa namna mtu asivyoshindwa kwa kutukanwa asili yake.

Safari ya Bombay

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya Kiingereza ya Gramophone, ile iliyojulikana kwa picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata nafasi hiyo. Safari nyingine zilifuata, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 santuri zake na za wenzake zilikuwa zimeuzwa kwa makumi ya maelfu. Kampuni nyingine za Ulaya, zilipoona biashara hiyo inalipa, nazo zikaja kutafuta waimbaji wa Kiswahili.

Mwaka ule ule wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi iliyokaliwa na nyumba zao. Kwa hiyo santuri hizo zilipofika madukani, watu waliozinunua au kuzisikiliza barazani kwa jirani walikuwa katikati ya mvutano na wenye ardhi na serikali. Kusikia lugha yao wenyewe na majina ya mitaa yao yakitoka katika mashine ya Wazungu lilikuwa jambo zito kuliko burudani.

Hata hivyo, santuri ilikuwa na masharti yake. Upande mmoja ulichukua takriban dakika tatu tu. Wimbo ambao usiku wa Ng'ambo ungeweza kuendelea kwa muda mrefu, ukiongezwa beti na kukatizwa na vicheko vya watu, ulilazimika kukatwa ili uenee. Hadhira haikuwapo studioni. Tunachokiita leo sauti asilia ya Siti ni kile kilichobaki baada ya mambo mengi kuachwa nje.

Kijiti na kesi yake

Wimbo unaoonyesha vizuri zaidi kinachoweza kupotea ni Kijiti. Unasimulia kisa cha kweli. Mwanamke mmoja alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam kama mgeni, akatoka na wenyeji wake kwenda kustarehe, na mtu aliyeitwa Kijiti akambaka na kumuua. Muuaji alitoroka akavuka kwenda bara. Waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa.

Siti aliuchukua uamuzi wa mahakama ya kikoloni akauweka mbele ya baraza jingine, lile la wasikilizaji. Kila aliyeusikia alijua ni nani aliyetajwa, ilikuwa wapi, na nani hakutendewa haki. Wanahistoria waliofanya utafiti Zanzibar miongo mingi baadaye walikuta wazee ambao bado waliweza kukieleza kisa hicho, kwa sababu ya wimbo.

Bi Kidude, ambaye jina lake halisi lilikuwa Fatuma binti Baraka, aliuimba wimbo huo hadi uzeeni. Yeye alizijua nyimbo za Siti tangu alipokuwa kijana, akazibeba hadi majukwaa ya Ulaya na Asia, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Alifariki mwezi Aprili 2013. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, mbali na wembamba wa sauti ya Siti katika santuri. Aliongeza mdundo wa ngoma za unyago na msondo alizozijua kuliko mtu mwingine yeyote. Wako waliosema ameziharibu nyimbo, na wako waliosema amezirudisha Ng'ambo zilikotoka.

Nani mwenye wimbo?

Kati ya ncha hizo mbili ziko njia nyingine. Vikundi vikubwa vya Unguja, kama Ikhwan Safaa na Culture Musical Club kilichoanzishwa mwaka 1958, vilikuza okestra za fidla nyingi, qanuni na kodiani, na wimbo ukawa kitu cha kupangwa na kukaririwa. Dar es Salaam katika miaka ya 1990, vikundi vya maonyesho vya Muungano na Tanzania One Theatre viliiweka taarab katika jukwaa moja na maigizo na sarakasi, huku mashabiki wakichukua upande. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake mkuu, muziki ukiongozwa na Mohamed Issa Matona, ambamo udi hukutana na sauti za mitambo ya leo.

Wanaoshikilia santuri za 1928 wana hoja ya kweli. Bila kipimo, kila mtu anaweza kuimba chochote na kukiita cha Siti. Matamshi yake, mpangilio wa beti na uhusiano wa sauti na udi ni elimu inayoweza kusomwa. Lakini wanaotetea ufufuaji nao wana hoja nzito: Siti mwenyewe alikuwa mfufuaji. Aliukuta muziki wa Misri katika kasri, akaubadilisha lugha, akaubadilisha wasikilizaji, akauingiza habari za mtaani. Kama angeheshimu asili kwa maana finyu ya neno hilo, taarab ya Kiswahili isingemjua.

Swali hili si la Unguja peke yake. Katika ncha ya kaskazini ya mwambao, Ras Kamboni na visiwa vinavyopanda hadi Kismayo, Wabajuni wana hazina yao ya nyimbo, zikiwemo za vave zinazoambatana na kilimo cha msituni. Vita vilivyoanza Somalia mwaka 1991 viliwafanya wengi wao wakimbilie Kenya na nchi za mbali zaidi. Wimbo uliohifadhiwa kichwani mwa mzee aliyehama hauna santuri ya kulinganishia. Akifariki kabla ya kuwaimbia wajukuu, mjadala wa asili na ufufuaji hauwezi hata kuanza. Kwa watu wa namna hiyo, mzozo wa mashabiki wa Siti ni neema ambayo wangetamani kuwa nayo.

Kwa hiyo labda kipimo kinachofaa zaidi hakiko katika ala wala katika wembamba wa sauti. Mwandishi Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa Siti uliochapishwa katika miaka ya 1950, alimweka mbele ya wasomaji kama mtu wa tabia na maarifa kabla ya kuwa mwimbaji. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipotafuta jina la jarida lake kilichagua Sauti ya Siti, kwa kutambua kwamba sauti hiyo ilisema kwa niaba ya wengine.

Udi unaweza kubadilishwa kwa kinanda, na wimbo ukabaki na maana yake. Kinachoweza kuuua ni hadhira kuucheza Kijiti bila kujua kwamba kuna mwanamke aliuawa, na kwamba walioshuhudia ndio walioadhibiwa. Mwimbaji wa leo anayetaka kumtendea haki binti Saad ana njia rahisi: kabla ya ala kulia, awasimulie watu kisa. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ya Ng'ambo, ambako wasikilizaji walijua habari kwanza, kisha wakaja kuisikia ikiimbwa.