Alexander Mackay: fundi wa mashua iliyobebwa vipande vipande hadi ziwani kwetu

Ukivuka Daraja la J. P. Magufuli kutoka Kigongo, upande wetu wa Misungwi, kwenda Busisi, unaikata ghuba kwa dakika chache tu. Kabla ya daraja hilo la kilomita 3 kufunguliwa mwaka 2025, tulikuwa tunapanga foleni kusubiri kivuko, mizigo ikiwa juani. Karibu na ncha ya kusini ya ghuba hiyo hiyo, mahali palipoitwa Usambiro, alifariki mwezi Februari 1890 mtu mmoja kutoka Uskoti aliyeitwa Alexander Mackay.

Wengi wanaomfahamu wanamfahamu kama mmisionari wa Uganda. Katika makala haya tunamtazama kwa upande ambao husahaulika. Mackay alikuwa fundi, na sehemu kubwa ya maisha yake huku ilikwenda katika shida anayoijua kila aliyewahi kukabidhi boksi kwa kondakta stendi: je, mzigo utafika? Ukifika, utakuwa mzima? Na gharama yake itabebeka?

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 huko Rhynie, kijiji cha wilaya ya Aberdeen, mtoto wa mchungaji. Baba alitamani mwanawe naye awe mchungaji, lakini kijana alipenda vyuma. Alisomea uhandisi Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Berlin, Ujerumani, akafanya kazi ya kuchora na kuunda mashine. Huko ndiko habari za ziwa letu zilipomkuta.

Zilitoka kwa Henry Morton Stanley. Mwaka 1875 Stanley alifika Kageye, ambayo leo iko wilaya ya Magu, akiwa na mashua yake Lady Alice ikiwa imebebwa vipande vipande na wapagazi kutoka Bagamoyo. Akaiunga ufukweni, akalizunguka ziwa. Mashua ile ilitengenezwa Uingereza kwa mbao za mwerezi na kugawanywa kwa ajili ya safari, lakini ilipofunguliwa Zanzibar ikaonekana vipande ni vizito na vipana kupita kiasi. Ilibidi seremala aikate upya kabla haijaondoka pwani. Aliyepima mzigo Ulaya hakuwa amekiona kijia cha mguu mmoja kinachopita katikati ya miiba.

Barua ya Stanley ya kuwaita wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa ilichapishwa gazetini mjini London mwishoni mwa 1875, na chama cha CMS kikaanza kukusanya watu na fedha. Mackay alijitolea. Aprili 1876 akapanda meli, na mwezi uliofuata alikuwa Zanzibar.

Kabla ya kuondoka alikuwa ameshafanya jambo ambalo sisi tunaona ndilo la maana kuliko yote katika habari hii. Msafara wao ulikuwa na mashua yao wenyewe, Daisy, pamoja na injini ya mvuke. Boila ndiyo iliyoleta shida, kwa sababu ni pipa kubwa la chuma ambalo halikunjwi wala halikatwi njiani. Mackay aliichora upya, ikatengenezwa kwa pete kubwa za chuma, kila pete uzito wa kubebwa na watu wawili. Pete hizo zingekuja kuungwa kwa ribiti huku ziwani. Yaani hakutengeneza kitu kisha akatafuta namna ya kukifunga. Alianza na bega la mpagazi, ndipo akachora chuma.

Na bega hilo lilikuwa na kipimo chake. Mpagazi wa njia ya kati, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, alibeba karibu frasila mbili, kama kilo 30. Kitu kilichozidi hapo kilihitaji mti wa kuchukulia na watu wawili au zaidi, na watu wawili waliofungwa kwenye mti mmoja hutembea polepole kuliko wote. Tena hapakuwa na fedha za noti. Chakula njiani kilinunuliwa kwa nguo, shanga na waya, na watawala wa njiani walidai hongo, neno ambalo siku hizo lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita. Kwa hiyo sehemu ya wapagazi ilibeba malipo ya safari yenyewe, na watu hao nao walipaswa kula. Ndiyo maana kila kilo iliyoongezwa Zanzibar ilikuwa ghali kuliko ilivyoonekana kwenye mizani.

Mackay na wenzake walijaribu kuipunguza gharama hiyo. Kwanza kwa maji: waliiunga Daisy pwani wakapanda nayo mto Wami, wakitumaini kusogea bara bila wapagazi. Mto ulipinda na kupinda tena, haukufaa, na mashua ikafunguliwa upya iwe mizigo. Msafara ukaondoka kwa miguu. Mackay akaugua vibaya njiani, na mwishoni mwa 1876 akarudishwa pwani, huku wenzake wakiendelea na vyuma vyake.

Jaribio la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1877, akiwa amepona, alifyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kama kilomita 370, akiwa na vibarua wenye mashoka, sururu na misumeno. Hesabu ilikuwa rahisi: mkokoteni mmoja wa ng'ombe ungechukua mizigo ya wapagazi wengi. Barabara ikapatikana, mikokoteni ikaingia, na ng'ombe wakaanza kufa. Mbung'o hawakuwa kwenye hesabu. Mfugaji yeyote wa kwetu angeweza kumwambia. Safari ya bei nafuu ikarudi pale pale, mabegani mwa watu.

Wakati huo habari mbaya zilikuwa zimetoka ziwani. Desemba 1877 wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi kati ya mtemi Lukonge na mfanyabiashara mmoja, Songoro. Mackay akaharakisha kwenda. Alifika Kageye Juni 1878.

Alichokikuta ghalani kingemkatisha tamaa mtu mwingine. Pete za boila zilikuwa zimelaliana na vitabu. Herufi za chapa, misumeno, mabomba ya mvuke, dawa na mbegu za bustani vilikuwa chungu moja, kutu juu, vumbi juu ya kutu. Alipambana na chungu hicho siku kumi, tangu alfajiri hadi giza, akitenga kila aina na boksi lake. Siku ya kumi injini ilikuwa imesimama kamili mpaka skrubu ya mwisho, na boila ilisubiri ribiti tu.

Hebu tusimame hapo kidogo. Vifaa vile vilikuwa vimevuka bahari, kisha zaidi ya kilomita 1,000 kichwani na mabegani mwa watu, kupitia mito na nyika ya Ugogo, na karibu kila kitu kilifika. Vitabu vimemtaja Mackay kwa sifa. Wapagazi wametajwa kwa idadi, kama mizigo yenyewe. Lakini ni wao walioifikisha ile skrubu ya mwisho.

Uharibifu ulitokea baada ya safari. Daisy, iliyofika nzima na hata kwenda Uganda na kurudi, sasa ilikuwa imelazwa ufukweni Kageye, jua limepasua mbao na mchwa wameingia. Kitu kilichostahimili miezi ya kubebwa hakikustahimili miezi ya kulazwa bila kivuli na bila mwenyewe.

Kwanza Mackay alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, akaonana na Lukonge, wakapatana. Ndipo akarudi kuziba nyufa. Agosti 1878 yeye na mwenzake Wilson wakatweka tanga kuelekea Uganda. Dhoruba ikawatupa pwani ya magharibi na mashua ikavunjika vibaya. Mbao mpya hazikuwapo, na kuagiza Ulaya kungechukua mwaka na zaidi. Mackay akakata kipande cha katikati cha mashua, futi nane nzima, akavuta tezi na omo vikakutana, na kwa mbao za kile kipande akaziba matundu ya kwingine. Kazi ilichukua wiki nane. Novemba wakafika kwa Mutesa katika mashua fupi, lakini inayoelea.

Miaka yake ya Uganda imeandikwa na wengi, nasi hatutakaa hapo. Alichapa kurasa za Kiganda, akachonga herufi za mbao mwenyewe, akafua vyuma, akafundisha vijana, na watu wakamwita Mzungu wa kazi. Mwaka 1882 mama yake Kabaka alipofariki, Mackay ndiye aliyeambiwa atengeneze jeneza: la tabaka tatu, moja likiwa la shaba iliyofuliwa kutoka vyombo vya ikulu, kubwa kama chumba. Baada ya Mutesa kufa mwaka 1884 na Mwanga kutawala, Wakristo vijana wa Kiganda waliuawa, miongoni mwao wanafunzi wake. Julai 1887 akalazimika kuondoka kwa mashua ya pili ya misheni, Eleanor, akaja kusini huku kwetu, Usambiro.

Hapa ndipo tunaona alivyobadilika. Alihitaji mashua nyingine, lakini hakuagiza mbao kutoka Uingereza. Aliangusha miti porini, akaikokota hadi kituoni, akafundisha vijana kupasua mbao kwa msumeno wa shimo. Boila aliiunga kwa ribiti hapo hapo. Stanley alipopita Agosti 1889 na msafara wa Emin Pasha, wakapumzika kituoni kwa karibu wiki tatu, waliikuta kazi hiyo ikiendelea. Kilichopaswa kutoka mbali sasa kilikuwa chuma peke yake. Mbao zilikuwa zimesimama hapa siku zote, na tunadhani miaka kumi na mitatu ya kuhesabu mizigo ndiyo iliyomfundisha kuziona.

Mashua hiyo hakuimalizia. Alishikwa na malaria, akaugua siku chache, akafariki tarehe 8 Februari 1890 akiwa na miaka 40. Alizikwa Usambiro. Mwaka 1927 kaburi lilifunguliwa, mabaki yake yakafungwa na kusafirishwa kuvuka ziwa hadi Kampala, yakazikwa kwenye kilima cha Namirembe, kando ya kanisa kuu.