Kristen Nygaard: Msomi aliyebuni lugha ya tarakilishi, akasimama na wafanyakazi

JINA la Kristen Nygaard halitajwi sana nje ya kumbi za vyuo vikuu. Hata hivyo, kila mwanafunzi nchini Kenya anayefundishwa lugha za tarakilishi kama vile Java na C++ hujifunza wazo ambalo msomi huyo wa Norway na mwenzake, Ole-Johan Dahl, walilibuni katika miaka ya 1960.

Nygaard alizaliwa jijini Oslo mnamo Agosti 27, 1926. Mwaka wa 1948 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa ulinzi ya Norway, na miongoni mwa kazi zake za awali zilikuwa hesabu za kinu cha kwanza cha nyuklia cha nchi hiyo. Alihitimu shahada ya uzamili ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Oslo mnamo 1956.

Baadaye aligeukia uchunguzi wa jinsi shughuli kubwa zinavyoendeshwa: watu wangapi wanasubiri, mitambo mingapi inahitajika, foleni inakwama wapi. Ni katika shughuli hizo alipotambua upungufu mkubwa. Programu za wakati huo zilikuwa mlolongo mrefu wa amri zilizofuatana, ilhali dunia aliyotaka kuieleza ilikuwa na mambo mengi yanayotendeka kwa pamoja.

Mnamo 1960 alihamia Kituo cha Tarakilishi cha Norway, na miaka michache baadaye Dahl akajiunga naye huko. Nygaard ndiye aliyekuwa na maono ya namna ya kuueleza ulimwengu. Dahl alikuwa bingwa wa kuyageuza maono hayo kuwa programu inayofanya kazi. Walibishana mno. Inasimuliwa kuwa siku moja mfanyakazi mgeni alikimbia kutoa habari kwamba wanaume wawili walikuwa wakipigana mbele ya ubao, naye mpokeaji simu akamtuliza kwa kumweleza kuwa hao walikuwa Dahl na Nygaard tu, wakijadili kazi yao.

Matunda ya mabishano hayo yalikuwa lugha ya Simula, na hatimaye Simula 67, iliyowasilishwa kwa wataalamu karibu na Oslo mwaka wa 1967. Katika lugha hiyo, programu iligawanywa katika vitu, kila kimoja kikibeba habari zake pamoja na matendo yake. Aidha, aina moja ya vitu ingeweza kurithi sifa za nyingine. Mwandishi wa programu angeeleza gari mara moja tu, kisha basi na lori vikarithi sifa hizo na kuongezewa zile za kwao pekee.

Wazo hilo lilivuka mipaka. Huko Marekani, Alan Kay na wenzake waliichota hekima hiyo walipounda lugha ya Smalltalk. Naye Bjarne Stroustrup, raia wa Denmark aliyewahi kuitumia Simula, aliianza mwaka wa 1979 kazi iliyozaa C++. Java ilifuata mnamo 1995.

Nygaard angeweza kuridhika na sifa hizo. Badala yake, alianza kuingiwa na wasiwasi. Aling'amua kwamba chombo cha kuielezea kazi ya kiwanda kwa undani ni chombo cha kuitawala pia, na kwamba waliokuwa wakikitumia ni mameneja, wala si mafundi ambao kazi yao ilikuwa ikielezwa.

Kwa hivyo, kuanzia mwaka wa 1971 alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norway. Pamoja na wanachama, waliandaa vitabu vya kufundishia, wakachunguza mitambo iliyoletwa viwandani na kuandaa madai yao wenyewe. Mnamo 1975 vyama vya wafanyakazi na waajiri vilitia saini mkataba kuhusu matumizi ya tarakilishi kazini, na sheria ya kazi ya 1977 ikawapa wafanyakazi haki ya kushirikishwa mifumo hiyo inapoletwa. Kutokana na juhudi hizo kulichipuka tawi la utafiti linalosisitiza kuwa anayetumia mfumo sharti ashiriki kuubuni.

Alifundisha kwa muda katika Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark, kisha akawa profesa Oslo hadi alipostaafu mnamo 1996. Pamoja na watafiti wa Denmark alishiriki kuunda lugha nyingine, Beta. Darasani hakupenda kuanza na mafumbo madogo madogo. Aliwapa wanafunzi mfano mzima, kama mkahawa wenye wateja, wahudumu na wapishi, ili wajifunze kwanza kuitazama hali yenyewe kabla ya kuandika amri yoyote.

Siasa nazo hakuziacha. Kati ya 1990 na 1995 aliongoza vuguvugu la kupinga Norway kujiunga na Umoja wa Ulaya, na katika kura ya maoni ya Novemba 28, 1994, asilimia 52.2 ya wapigakura waliukataa mpango huo.

Heshima kuu ya taaluma yake ilichelewa. Yeye na Dahl walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka wa 2001, ambayo ndiyo kubwa zaidi katika sayansi ya tarakilishi, walipokuwa tayari wamezeeka. Dahl alifariki Juni 29, 2002, akiwa na umri wa miaka 70. Wiki sita baadaye, Agosti 10, Nygaard naye akaaga dunia kutokana na mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 75.

Majengo ya taaluma hiyo katika Chuo Kikuu cha Oslo yana majina yao. Lakini swali la Nygaard halijapata jibu popote mitambo inapoingia kazini: je, anayeelezwa na mtambo amepewa nafasi ya kujieleza mwenyewe?