Meya wa nauli ya senti 3
Tom L. Johnson, mzaliwa wa Kentucky, Marekani, mwaka 1854, alitajirika kwa biashara ya tramu. Huko Cleveland aliwavuta abiria kwa kuwavusha mji kwa nauli moja, pale wapinzani wake walipotoza mara mbili. Mchuuzi mwenye mizigo anaijua hesabu hiyo.

Alipochaguliwa meya mwaka 1901, aliwageuka matajiri wenzake: nauli ishuke kutoka senti 5 hadi 3, tramu ziwe za umma. Kesi zilimwandama kwa miaka. Mwaka 1908 njia zote ziliunganishwa chini ya kampuni moja, lakini mgomo wa wafanyakazi na kura ya wananchi vikaiangusha. Mwaka 1909 akapoteza umeya. Senti 3 zilirudi mwaka 1910, yeye akiwa nje ya ofisi. Alifariki mwaka 1911.