MWALIMU NYERERE NA UBAGUZI WA RANGI

Ipuli iko Tabora. Zamani misafara kutoka pwani ilipita Tabora ikienda Ujiji. Baadaye Wajerumani walijenga reli, na wageni wengi wakaja kwa garimoshi. Mwaka 1937 alifika mvulana mmoja kutoka Butiama, karibu na Musoma. Alikuja kusoma. Jina lake lilikuwa Julius Kambarage Nyerere. Alizaliwa mwaka 1922. Baba yake alikuwa chifu wa Wazanaki.

Shule za rangi tatu

Wakati huo Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza. Watoto hawakusoma pamoja. Wazungu walikuwa na shule zao. Wahindi walikuwa na shule zao. Waafrika walikuwa na shule zao. Waafrika ndio waliokuwa wengi kabisa, lakini shule zao zilikuwa chache na maskini. Watoto wengi wa vijijini hawakuingia darasani hata siku moja. Wazazi wetu wengi hawakujua kusoma. Hawakukosa akili. Walikosa shule.

Nyerere alisoma katika shule ya serikali ya wavulana, Tabora. Kisha alikwenda Makerere, Uganda, kujifunza ualimu. Mwaka 1946 alirudi Tabora. Alifundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's. Alishiriki pia katika chama cha Waafrika kilichoitwa TAA. Alisaidia kufungua duka la ushirika, watu wapate sukari na sabuni.

Kazi moja, mishahara miwili

Ubaguzi ulikuwapo kazini pia. Mwaka 1948 tume ya Waingereza ilipendekeza mishahara ya watumishi wa serikali katika Afrika Mashariki. Ilisema Mwafrika au Mhindi alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Maana yake ni hii: watu wawili wana elimu moja na wanafanya kazi moja. Mzungu akipata shilingi 5, Mwafrika apate shilingi 3. Zile shilingi 2 alinyimwa kwa sababu ya ngozi yake tu. Utaratibu huo uliachwa baada ya tume nyingine ya mwaka 1954.

Mwaka 1949 Nyerere alikwenda kusoma chuo kikuu cha Edinburgh, Uingereza. Alirudi mwaka 1952 na shahada yake, akafundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuka kuwa TANU, na yeye akawa rais wake. Mwaka 1955 aliacha ualimu na mshahara wake ili afanye kazi ya chama.

Serikali haikupenda. Matawi mengine ya TANU yalifungwa. Mwaka 1957 Nyerere alikatazwa kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa maneno aliyoandika juu ya mabwana shauri. Mahakama ilimtoza faini ya shilingi 3,000, au afungwe miezi sita. Faini ililipwa.

Kura tatu

Hata Baraza la Kutunga Sheria lilipimwa kwa rangi. Mwaka 1955 Waafrika zaidi ya milioni 8 walipewa viti 10. Wahindi walipewa viti 10. Wazungu, ambao walikuwa kama 20,000 tu, nao walipewa viti 10. Uchaguzi ulipokaribia, serikali ilitoa sharti. Kila mpiga kura lazima apige kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mhindi, na moja kwa Mzungu.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora. Wajumbe wengi walikasirika. Walitaka kuususia uchaguzi. Nyerere naye hakulipenda sharti lile. Lakini aliona kwamba wakisusa, viti vyote vitachukuliwa na wengine. Aliwasihi waingie ili wauvunje utaratibu huo kutoka ndani. Baada ya mabishano makali walikubali. Wachache walijitenga wakaunda chama chao. TANU ilishinda, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Uhuru na baada yake

Oktoba 1961 baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa watu weusi tu. Nyerere alikataa kabisa. Alikuwa tayari kuacha uongozi kuliko kukubali. Kwake yeye, ubaguzi ni ubaguzi, hata ukifanywa na aliyebaguliwa jana. Kuanzia Januari 1962 shule za rangi ziliunganishwa.

Lakini vidonda vya ubaguzi havikupona kwa siku moja. Januari 1964 askari wa Dar es Salaam waliasi, na kesho yake wale wa Tabora wakafuata. Walitaka mshahara zaidi, na maofisa wa Kizungu waondoke. Serikali ililazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza. Baadaye liliundwa jeshi jipya.

Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Alizikwa Butiama. Alibaguliwa kwa rangi yake, lakini alipopata madaraka hakutaka kubagua wengine. Alipigana na sheria mbaya, hakupigana na ngozi ya mtu.

Tuzungumze

1. Kwa nini wazazi wetu wengi hawakusoma?
2. Kama ungekuwa mjumbe Tabora mwaka 1958, ungekubali kura tatu?
3. Je, kijijini kwetu kuna mtu anayenyimwa haki kwa kabila, dini au jinsia yake? Tufanye nini?