Harry Vardon: Mwana wa mtunza bustani aliyeufunza ulimwengu kushika fimbo ya gofu

Askari yeyote aliyepitia mafunzo ya ukuruta anafahamu kwamba somo la kwanza la silaha si kulenga shabaha, bali ni kushika. Kabla ya risasi kutoka, mkufunzi huutazama mkono: kiganja kimekaa wapi, kidole gumba kimeelekea wapi, na kama mshiko ni wa utulivu au wa hofu. Katika mchezo wa gofu mambo ni hayo hayo. Mpira hupigwa na fimbo, lakini fimbo hutii mikono, na mikono isipopatana fimbo haina wa kumtii. Kwa sababu hiyo tumeona vema tuwaeleze wasomaji wetu maisha ya marehemu Harry Vardon, ambaye jina lake limebaki katika mshiko unaotumiwa na wachezaji wengi duniani hata leo.

Vardon alizaliwa tarehe 9 Mei 1870 katika kijiji cha Grouville, kisiwani Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa. Baba yake alikuwa mtunza bustani, na nyumba yao ilikuwa ya watoto wengi na fedha kidogo. Gofu wakati huo ulikuwa mchezo wa mabwana, na mtoto wa namna yake hangeujua kamwe, kama si kwamba mwaka 1878 uwanja ulipimwa karibu na kwao, katika ardhi ya wazi kando ya bahari. Watoto wa kijiji wakapata kazi ya kuwabebea wachezaji fimbo zao. Jioni walijichimbia vishimo vyao wenyewe, wakachonga fimbo kwa matawi ya miti, na gololi zikawa ndizo mipira.

Alipokua, Vardon aliingia katika utumishi wa nyumbani, kisha akawa mtunza bustani wa bwana mmoja mwenye cheo cha Meja, jina lake Spofforth. Meja huyo aliupenda mchezo, akautambua uwezo wa kijana wake, akamhimiza asiuache. Ndugu yake Tom alitangulia kwenda Uingereza kutafuta riziki kwa gofu, naye Harry akamfuata mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 20, akaajiriwa katika uwanja wa Studley Royal, karibu na mji wa Ripon.

MIKONO MIWILI, KAZI MOJA

Zamani zile wachezaji wengi walikamata fimbo kwa viganja, kama mtu akamatavyo shoka. Kila mkono ulishika mahali pake, na vidole gumba vikauzunguka mpini. Vardon naye alianza hivyo. Lakini aliona kwamba mikono iliyoachana hushindana, na kwamba mkono wa kulia, ambao kwa watu wengi ndio wenye nguvu, humnyang'anya mwenziwe kazi. Akajaribu namna nyingi, hata akakaa na ile iliyomfaa.

Tuieleze kwa mtu atumiaye mkono wa kulia. Mkono wa kushoto hushika mpini karibu na ncha ya juu, na kidole gumba chake hulazwa juu ya mpini, kikielekea chini, kwa upande wa kulia kidogo wa katikati. Mkono wa kulia huja chini yake, na kiganja chake hukifunika kidole gumba cha kushoto kama kifuniko kifunikavyo chungu. Gumba la kulia nalo hulala juu ya mpini, upande wa kushoto kidogo. Kisha huja siri yenyewe: kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakigusi fimbo kabisa. Hicho hupanda juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kikaifunga mikono miwili pamoja. Hivyo vidole tisa hushika fimbo, na cha kumi huwashika wenziwe.

Faida yake si ndogo. Mkono wenye nguvu hupungukiwa na uwezo wa kumtawala mwenziwe, na yote miwili huzunguka kama mmoja. Mikono ikigeuzwa mno upande wa kulia, uso wa fimbo hujifunga na mpira huelekea kushoto. Ikigeuzwa mno upande wa kushoto, uso hufunguka na mpira hukimbilia kulia. Tena anayebana mno hukaza viwiko na mabega, akapoteza wepesi wa mkwaju. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi twaongeza kwamba hata kumi havifai kitu visipopatana.

Haki yatulazimu kusema kwamba Vardon hakuwa wa kwanza. Johnny Laidlay, Mskoti aliyetwaa ubingwa wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1889 na 1891, alishika hivyo kabla yake. Lakini watu humwiga mshindi. Vardon aliposhinda, wote walitazama mikono yake, na kitabu chake The Complete Golfer cha mwaka 1905 kiliwafikishia somo hata wale wasiopata kumwona.

USHINDI NA MARADHI

Mwaka 1896, huko Muirfield, Vardon alifungana na J. H. Taylor, aliyekuwa bingwa wa Mashindano ya Wazi ya Uingereza kwa miaka miwili mfululizo, akamshinda katika mchezo wa marudio. Akashinda tena mwaka 1898 na 1899. Mwaka 1900 alivuka bahari, akazunguka Marekani akionyesha mchezo wake, na akatwaa ubingwa wa nchi ile huko Chicago. Yeye, Taylor na James Braid walitwaa ubingwa wa Uingereza mara 16 kati ya mwaka 1894 na 1914.

Hujafa hujaumbika. Mwaka 1903 alishinda kwa mara ya nne, akimwacha ndugu yake Tom katika nafasi ya pili, lakini alicheza akiwa mgonjwa, karibu kuzimia uwanjani. Maradhi yalikuwa kifua kikuu, na zama hizo dawa ya kukiponya haikuwako. Alilazwa katika nyumba ya wagonjwa huko Mundesley. Alirudi uwanjani, lakini hakurudi vile vile. Mikwaju mirefu ilibaki mizuri, bali ile midogo ya kuusukuma mpira shimoni, ambayo hata mtoto huiweza, ikamshinda: mkono ulishtuka wenyewe, bila idhini yake. Mtu aliyeifunza dunia namna ya kuweka vidole hakuweza tena kuvituliza vya kwake.

Wengi wangestaafu. Yeye aliipiga mikwaju mirefu kwa usahihi mkubwa zaidi, ili ile midogo isimgharimu sana, na akatwaa ubingwa tena mwaka 1911 na 1914. Huo wa 1914, huko Prestwick, aliupata akiwa na miaka 44, baada ya kuingia raundi ya mwisho akiwa nyuma ya Taylor kwa mikwaju miwili. Muda mfupi baadaye Vita Kuu vikaanza, na mashindano yakasimama hadi mwaka 1920.

Alijua pia kushindwa. Mwaka 1913, huko Brookline nchini Marekani, alishindwa katika marudio na Francis Ouimet, kijana wa miaka 20 ambaye naye alianza kwa kubeba fimbo za wengine. Mwaka 1920, akiwa na miaka 50, aliongoza ubingwa wa Marekani huko Toledo hadi upepo mkali ulipomkuta katika mashimo ya mwisho. Akakosa taji kwa mkwaju mmoja tu.

Vardon alifariki tarehe 20 Machi 1937 huko Totteridge, karibu na London, mahali alipokuwa mwalimu wa gofu tangu mwaka 1903. Rekodi yake ya kutwaa ubingwa wa Uingereza mara sita haijavunjwa. Na kila kuruta wa gofu anapopewa fimbo kwa mara ya kwanza, huelekezwa kwanza mahali pa kulaza kidole gumba, kama mwana wa mtunza bustani alivyojielekeza mwenyewe.